Vyuma Vikuukuu Vyaweza Kuwa Saa ya Ukutani

Tazameni nyuma ya nyumba zenu, au kando ya fundi wa baiskeli. Mtaona minyororo, spoki, nati na funguo zisizo na kufuli. Vitu hivi vikiuzwa kwa kilo, pesa yake ni kidogo sana. Lakini vikipangwa vizuri vinakuwa pambo.

Wako watu, hasa Uingereza na Marekani, wapendao mtindo uitwao stimupanki. Ni mapambo yanayofanana na mitambo ya zamani ya mvuke: magurudumu yenye meno, mabomba na shaba. Ukitaka kuona mitambo yenyewe, nenda Makumbusho ya Reli, Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Na hapa kwetu yuko msanii Cyrus Kabiru wa Nairobi, aliyezaliwa 1984. Miwani anayotengeneza kwa waya na vitu vya kuokota imemfikisha ng'ambo. Kwa hivyo msiseme, "hii ni takataka tu."

Jinsi ya kutengeneza saa

1. Tafuteni gurudumu lenye meno la baiskeli, lile la pedeli, likiwa limetolewa mkono wake. Pia mnyororo, nati 12 zinazolingana, na mashine ya saa ya betri pamoja na mishale yake.

2. Lowesheni vyuma ndani ya mafuta ya taa usiku kucha, mbali na moto na watoto. Kesho yake sugueni kwa brashi ya waya, kisha msasa. PangusenI vikauke kabisa.

3. Kateni plaiwudi nyembamba iwe duara la upana wa sentimita 30. Toboeni tundu katikati la kupitisha mashine ya saa.

4. Pangeni kila kitu juu ya ubao kabla ya kufunga. Kila mwanachama atoe maoni.

5. Fungeni gurudumu katikati kwa bolti. Zungusheni mnyororo ukingoni, mkiushika kwa waya unaopita matundu madogo na kusokotwa nyuma. Gundisheni nati 12 ziwe alama za saa.

6. Pakeni vanishi isiyo na rangi ili kutu isirudi. Ikikauka, wekeni mashine na mishale. Hakikisheni mishale haigusi chuma. Acheni saa itembee siku nzima kabla ya kuiuza.

Vitu vya kuacha

Kazi hii haihitaji moto wala kuchomelea. Msivunje betri za gari: zina risasi na asidi. Msikate wala kuchoma mapipa yaliyowekwa petroli, kwa maana yaweza kulipuka. Mabati na ndoo zenye zinki zikichomwa hutoa moshi mbaya wa kuugua.

Tena, msipokee nyaya za stima, vyuma vya reli, vifuniko vya mitaro wala alama za barabarani, hata mkiletewa na jirani. Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 inamtaka mfanyabiashara wa vyuma chakavu awe na leseni. Mnamo Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara hiyo kwa miezi kadhaa kwa sababu ya uharibifu wa mitambo ya umeme. Basi karani aandike daftarini kila chuma kimetoka kwa nani. Mkitaka kununua kwa wingi, ulizeni kwanza kuhusu leseni.

Bei je?

Vikundi vingi husahau kuhesabu jasho lao. Tuseme vifaa vimegharimu sh. 600, na watu 2 wamefanya kazi siku moja, kila mmoja posho ya sh. 500. Jumla ni sh. 1,600. Mkiuza kwa sh. 1,200 kwa kuwa "chuma tuliokota," mmepoteza sh. 400. Anzeni na saa moja. Ikinunuliwa, ndipo mtengeneze ya pili.

Yesu alipowalisha watu elfu tano, aliagiza mabaki yakusanywe, na vikapu 12 vikajaa (Yohana 6:12-13). Nasi tuanze na mabaki yaliyo mlangoni petu.