Mvua Inakula Nyumba Kutokea Chini

Katika Katanga mvua inaanza karibu mwezi wa 11 mpaka wa 4. Wengi wanaangalia tu mabati inavuja wapi. Lakini nyumba ya matofali mabichi inaanguka kutokea chini: maji ya paa inaruka pa udongo, inakula muguu wa ukuta, halafu usiku mumoja ukuta unaangukia watoto.

Baba, mabati yapite ukuta sentimeta 50 hivi; usiyakate juu ya bei! Vijana wachimbe mufereji wa kupeleka maji mbali.

Ukuta umekwisha kulowa? Usiufunike na simenti mbio mbio: maji itabakia ndani. Ngoja ukauke, toa udongo uliolegea, jaza matofali mapya, paka udongo uliochanganywa na muchanga. Kama ukuta umeinama, musilale humo.