Sukari Isifiche Ukungu

Mto Tana ufurikapo, hapa Garsen unyevu huingia hata ghalani. Ndiyo maana nipikapo njugu za sukari na chumvi pamoja na wanafunzi wangu, somo la kwanza huwa ni kuchambua: yenye ukungu au iliyosinyaa hutupwa. Sumu ya aflatoksini haiondolewi na moto wa jikoni. Mwaka 2004 iliwaua watu 125 nchini mwetu kwa njia ya mahindi. Kisha twachemsha sukari kwa maji kidogo, twatia njugu, twakoroga mpaka sukari igande juu yake, halafu twanyunyiza chumvi na pilipili. Walimu wenzangu, tukimwachia mtoto auze utamu unaoficha uozo, tutakuwa tumemfunza upishi au hila?