Je, Wajua? Kasuku hujinyonyoa mwenyewe

Kasuku wa kijivu anayefugwa aweza kujing'oa manyoya hadi kifua kibaki kitupu kama cha kuku wa sokoni. Kichwa tu husalimika: mdomo haufiki huko! Ukiona na kichwa kina upara, mshuku mwenzake wa tunduni.

Wakati mwingine chanzo ni ugonjwa, au kulishwa mbegu tupu. Lakini upweke na kukosa shughuli navyo humtesa. Katika misitu ya Kongo na Uganda huruka kwa makundi, wakitumia saa nyingi kutafuta matunda na kokwa. Tunduni, bakuli huisha kwa dakika chache.

Kumkaripia? Bure. Kwake hayo nayo ni mazungumzo. Akizidi kujinyonyoa, vishimo vya ngozi vinavyootesha manyoya huharibika. Upara ukawa wa kudumu.