Kupima Homoni kwa Mate: Maswali ya Kuuliza Kabla ya Kulipa

Vifaa vya kupimia homoni kwa mate huuzwa mitandaoni kwa maneno ya kuvutia. Mteja hutema mate katika kichupa akiwa nyumbani, hukituma maabara, kisha huletewa majibu na ushauri. Wanaolengwa zaidi ni wanawake wanaokaribia ukomo wa hedhi, wenye kusumbuliwa na joto la ghafla, jasho la usiku na kukosa usingizi.

Hatusemi kwamba mate hayafai kitu. Kipo kipimo ambacho madaktari hukitegemea, nacho ni cha kotisoli. Homoni hiyo huwa nyingi asubuhi na hupungua sana kufikia usiku wa manane. Kwa mwenye ugonjwa wa Cushing haipungui inavyopaswa. Hivyo daktari humwagiza akusanye mate mnamo saa tano usiku, zaidi ya mara moja.

Estrojeni na projesteroni zina habari nyingine. Katika mate huwa chache mno, na damu kidogo ya fizi baada ya kupiga mswaki huweza kupotosha jibu. Zaidi ya hayo, katika kipindi hicho viwango hupanda na kushuka siku hadi siku; jibu la Jumatatu haliisemei Ijumaa. Ndiyo maana kwa mwanamke aliyevuka miaka 45 mwenye dalili za kawaida, daktari huzingatia maelezo yake na mabadiliko ya hedhi, kwa kawaida bila kupima homoni. Kwake, kipimo cha mate ni gharama isiyobadilisha matibabu.

Linalotutia shaka zaidi ni muuzaji wa kipimo anapokuwa ndiye pia muuzaji wa krimu ya “kusawazisha homoni”. Mwanamke mwenye kizazi akitumia estrojeni bila projesteroni ya kutosha, hatari ya saratani ya utando wa kizazi huongezeka. Hilo si jambo la kupangiwa dozi na muuzaji.

Muulize: kifaa kimesajiliwa? Maabara ipi itapima, na ina kibali? Nani atayafafanua majibu? Akikwepa kujibu kwa maandishi, usilipe. Ikiwa umekwisha kupima, mwoneshe daktari majibu kabla ya kuanza au kubadili dawa yoyote. Na anayetokwa damu baada ya miezi 12 bila hedhi asingoje kichupa wala majibu. Aende hospitali mara moja.