Istilahi za Michezo ya Mikasa: Kitenzi, Jina na Upatanisho

Miongoni mwa maswali yanayoletwa mbele yetu na watafsiri, yako yanayohusu fani ambayo mtu angeidhania haina haja ya istilahi, yaani michezo ya kompyuta. Makala haya yanahusu tawi moja dogo la michezo hiyo. Ni ile ambayo mchezaji huonyeshwa picha ya mahali, akaelekeza kishale kwenye kitu, akabofya, na kwa njia hiyo akamwongoza mhusika kutoka fumbo moja hadi jingine mpaka kisa kifikie mwisho wake. Tunakusudia hasa michezo ya aina hiyo inayotungwa na watu wasio na kampuni nyuma yao, inayotolewa bila malipo, na inayochorwa kwa kuiga sura ya michezo ya miaka ya 1980 na 1990. Tumeichagua kwa sababu imejengwa juu ya sarufi kuliko michezo mingine yote, na mtafsiri anayeiingia bila kujiandaa aghalabu hakwami kwenye msamiati. Hukwama kwenye upatanisho wa kisarufi.

Hapana budi kwanza kueleza asili yake. Mnamo mwaka 1976 Will Crowther, wa Marekani, aliandika programu iliyomwezesha mtu kuzuru pango kwa maneno matupu, na mwaka 1977 Don Woods akaipanua. Haikuwa na picha hata moja. Mchezaji aliandika kitenzi na jina, programu ikamjibu kwa maelezo ya kile kilichotokea. Programu hiyo iliitwa Adventure, na jina lake likawa jina la fani nzima. Mwaka 1980 Roberta Williams na mumewe Ken walitoa Mystery House, uliotia michoro ya mistari juu ya maneno. Mwaka 1984 ukafuata King's Quest, ambao mhusika wake alitembea ndani ya picha. Hata hivyo mchezaji aliendelea kuandika amri zake, na taabu ikawa ni kulibahatisha neno lile hasa ambalo kichanganuzi cha programu kinalijua.

Taabu hiyo iliondolewa kwa namna mpya mwaka 1987, pale Ron Gilbert na Gary Winnick wa Lucasfilm Games walipotoa Maniac Mansion. Hapakuwa tena na kuandika. Vitenzi kumi na vitano viliorodheshwa chini ya picha; mchezaji alichagua kitenzi, kisha kitu, na sentensi ikajiunga yenyewe mbele ya macho yake. Kufikia Monkey Island 2 wa mwaka 1991 vitenzi vilikuwa vimepunguzwa hadi tisa: kutoa, kuchukua, kutumia, kufungua, kufunga, kutazama, kusukuma, kuvuta na kuzungumza. Kwa vitenzi hivyo tisa na majina ya vitu, kisa kizima huchezwa.

Michezo ya watu binafsi ndiyo iliyoirithi sarufi hiyo makampuni makubwa yalipoiacha. Tangu mwaka 1997 Mwingereza Chris Jones alianza kutoa chombo cha kutungia michezo ya namna hii, ambacho baadaye kilijulikana kwa jina la Adventure Game Studio, naye hakukidai malipo. Kwa chombo hicho Ben Croshaw alitunga 5 Days a Stranger mwaka 2003, kisa cha mwizi aliyeingia katika jumba la kale na kukuta kwamba hawezi kutoka. Kikundi kingine kiliuchora upya King's Quest na kuutoa bila malipo mwaka 2001. Mwaka huo wa 2003 hata mchezo wa kibiashara wa mwaka 1994, Beneath a Steel Sky, uliruhusiwa na wenyewe ugawiwe bila malipo.

Sasa tuyaangalie majina. Neno bofya halina matatizo. Lilikuwapo kwa maana ya kubonyeza kitu kwa kidole ili kujua ulaini wake, kama mtu abofyavyo embe sokoni, na limeingia katika kompyuta bila kupoteza asili yake. Kipanya nalo limekubalika, ijapokuwa wako walioandika puku. Wasomaji wanaokumbuka mashindano ya ngamizi, tarakilishi na kompyuta wanajua kuwa mambo kama haya huamuliwa na watumiaji mapema kuliko na vikao.

Jina la fani lenyewe ni gumu zaidi. Wapo waliopendekeza mchezo wa safari, lakini mwizi wa 5 Days a Stranger hasafiri popote, amefungiwa nyumbani. Wengine wamependekeza mchezo wa ujasiri. Hili nalo halifai, kwani mhusika wa The Secret of Monkey Island wa mwaka 1990 si jasiri, na mapigano yake ya panga hushindwa kwa ulimi: kila mpigo ni tusi, na kila kinga ni jibu linalolilingana tusi hilo. (Hapa Kiswahili kimebahatika kupita lugha nyingi, kwa kuwa kijembe ni kisu kidogo na pia ni neno la kumchoma mtu.) Sisi tunapendekeza mchezo wa mkasa, kwa wingi michezo ya mikasa. Tunajua kuwa mkasa huelekea upande wa msiba, lakini katika usemi wa visa na mikasa neno hili limekwisha kuzoeleka kwa maana ya mfululizo wa mambo yampatayo mtu, yawe ya kutisha au ya kuchekesha. Hiyo ndiyo maana inayotakiwa.

Kuhusu bei, tunawaonya watafsiri dhidi ya neno bure. Si kosa, lakini lina kivuli cha upuuzi: kazi bure, maneno ya bure, mtu bure. Mtunzi aliyetumia miaka miwili kuchora mchezo asingependa uitwe mchezo wa bure. Tuseme mchezo wa bila malipo. Tena hali ya kutolipiwa isichanganywe na hali ya kuwa huria. Kitu kisicholipiwa chaweza kuwa bado mali ya mwenyewe, asiyeruhusu mwingine kukifungua na kukibadilisha. Programu huria ni ile ambayo maandishi yake ya ndani yamewekwa wazi kwa yeyote. Chombo cha Chris Jones chenyewe ni mfano mzuri, kwani kilitolewa bila malipo kwa zaidi ya miaka kumi kabla maandishi yake hayajawekwa wazi mwaka 2010 na 2011. Kiingereza hutumia neno moja kwa mambo haya mawili na wenyewe hulalamika. Sisi tunayo mawili, basi tuyatumie.

Mtindo wa kuiga sura za zamani usiitwe wa kizamani, kwa maana kizamani ni lawama. Mchezo wa mwaka 1987 ni mchezo wa kale. Mchezo wa mwaka 2003 uliochorwa kwa pikseli kubwa na rangi chache, zilizopangwa mojamoja kama ukili wa mkeka, ni mwigo wa kale. Tofauti hii ni muhimu, kwani wa kwanza ulilazimishwa na udhaifu wa mashine, na wa pili umechaguliwa.

Tuje sasa kwenye kiini cha matatizo, nacho ni ile sentensi inayojiunga yenyewe. Kwa Kiingereza mtunzi huweka kitenzi, jina, na pengine kihusishi, na programu huviunganisha bila kuvibadilisha. Katika Kiswahili mlango wa kwanza tu unatosha kutukwamisha. Amri ya kwenda, ikiunganishwa na mlango, hutoa *nenda mlango. Tungesema nenda mlangoni. Lakini -ni hiyo haiwezi kutiwa kwenye jina daima, maana tutasema nenda kwa mlinzi na nenda Mombasa. Programu haijui lipi ni lipi. Dawa tuliyoiona ni kauli ya kutendea, ambayo imebeba kazi ya kihusishi ndani ya kitenzi chenyewe: sogelea mlango, sogelea dirisha, sogelea kisima. Mtafsiri azoee kuitafuta kauli hii kila anapokutana na kihusishi.

Kutoa kuna kasoro ya mpangilio. Mchezaji hubofya barua kwanza, kisha mlinzi. Nasi kwa kawaida husema mpe mlinzi barua, mpokeaji akitangulia. Tukilazimisha mpe barua mlinzi, msomaji atadhani barua ndiyo inayopewa mlinzi. Kabidhi hutuokoa: kabidhi barua kwa mlinzi inafuata mfuatano wa mibofyo na ni Kiswahili safi. Kutumia ufunguo pamoja na mlango, kama baadhi ya rasimu zilivyoandika, ni sawa na kuubeba mlango mkononi. Iandikwe tumia ufunguo kwenye mlango. Na kitenzi cha kuchukua kibaki chukua, si okota, kwa sababu kinachookotwa ni kilichoanguka au kilichopotea, ilhali wahusika wa michezo hii huchukua mpaka vitu vya watu vilivyo mezani.

Maniac Mansion una kitendawili cha ziada. Kati ya vitenzi vyake kumi na vitano, kimoja ni cha kufungua mlango na kingine ni cha kufungua kufuli, na sisi twasema fungua kwa vyote viwili. Komoa lingefaa kwa kufuli, likiwa kinyume cha komea. Kwa bahati mbaya vijana wa leo wakilisikia hufikiri mtu anatendewa inda. Pengine ni afadhali fungua kwa ufunguo, ingawa ni refu kwa kitufe kidogo.

Yote hayo ni mepesi yakilinganishwa na majibu. Mchezaji akijaribu jambo lisilowezekana, mhusika husema kwamba hawezi kukifungua kitu hicho. Kwa mlango ni siwezi kuufungua, kwa sanduku kulifungua, kwa kitabu kukifungua, kwa chupa kuifungua. Chombo tulichokitaja kina utaratibu mzuri wa tafsiri: hutoa faili ambamo kila sentensi ya asili hufuatwa na mstari mtupu wa kujazwa na mtafsiri, na mstari usiojazwa hubakia katika lugha ya asili. Lakini sentensi inayotumika mara ishirini mchezoni huandikwa humo mara moja tu, na tafsiri moja hutumika kote. Mtafsiri akiwa ameandika siwezi kuifungua, mlango, sanduku na kitabu vyote vitaitwa kwa ngeli ya chupa. Watumishi wanaotafsiri programu za ofisini wamekwisha kukutana na ugonjwa huu, pale mashine inapotangaza kuwa cheti *imefutwa.

Tunatoa njia mbili. Ya kwanza ni kulitumia jina kitu, ambalo linabeba upatanisho wake popote liendapo: kitu hiki hakifunguki, kitu hiki hakisukumiki. Si sentensi tamu, lakini haina kosa, na kauli ya kutendeka hapa inapendeza kwa sababu lawama huenda kwa kitu badala ya mhusika. Njia hii haifai kwa watu. Hatuwezi kumwita mlinzi kitu, na vitenzi vya watu sharti viwe na kiambishi cha mtendwa: mtazame mlinzi, msogelee mlinzi. Njia ya pili ndiyo bora, nayo ni kumwandikia mtunzi na kumwomba aitenganishe sentensi hiyo kwa kila kitu, na aweke maandishi mawili ya kila kitenzi, moja la vitu na moja la viumbe. Kwa kampuni kubwa ombi la aina hii lingepotea njiani. Mtunzi wa mchezo wa bila malipo ni mtu mmoja, mara nyingi hupendezwa kwamba kazi yake inasomwa mbali, na badiliko lenyewe ni dogo. Ombi lifanywe kabla ya kutafsiri, kwani faili ikishajazwa ni vigumu kuipasua.

Mwalimu naye anaweza kulitumia faili la namna hiyo darasani. Mwanafunzi anayeulizwa ni kwa nini jibu moja haliwezi kutumika kwa mlango na kwa sanduku ataieleza ngeli kwa haja, si kwa kukariri jedwali.

Yamebaki maneno machache. Vitu alivyokusanya mhusika tumeviita vya mkobani, na mahali vinapoonyeshwa ni mkoba. Orodha ya mali tumeiachia idara za ghala. Mazungumzo ambayo mchezaji huchagua la kusema tumeyaita mazungumzo ya matawi. Neno ambalo hatujaliafiki ni la ile sehemu ya picha inayojibu ikibofywa. Wako wanaopenda doa, lakini doa ni uchafu. Wako wanaopenda kiini, lakini picha moja ina sehemu kama hizo kumi au zaidi. Kwa sasa tunaandika paitikapo, kwa kuwa mchezaji hubisha na pahali hapo pakaitika kama mwenye nyumba. Ugumu wake ni wingi: *mapaitikapo halisemeki, na paitikapo mbili linachukiza sikio. Watafsiri wenye neno bora walilete kabla ya toleo lijalo.