MABAKI YA NYANYA NA MAZIWA YA KIANGAZI

Apitaye Ilula, katika Wilaya ya Kilolo, wakati wa mavuno huona matenga ya nyanya yamepangwa kando ya barabara kuu iendayo Mbeya. Nyanya zikizidi, bei hushuka, na nyingine huozea shambani. Nazo zisindikwazo huacha maganda na mbegu, na mara nyingi mabaki hayo hutupwa shimoni yakaleta nzi na harufu mbaya. Kisha hufika Septemba: majani yamekauka, mfugaji atembea mbali kutafuta malisho, ng'ombe apunguza maziwa, na watoto wanywa uji mtupu. Je, si ajabu kutupa chakula leo na kukililia kesho?

Mabaki ya nyanya si takataka. Yakikauka, karibu sehemu moja katika tano ni protini, yaani chakula kijengacho mwili. Lakini yakiwa mabichi, katika kilo 100 karibu kilo 80 ni maji; ndiyo sababu huoza upesi. Ziko njia mbili za kuyahifadhi.

Ya kwanza ni kuyaanika. Yatandaze kwenye turubai, tabaka jembamba, ukiyageuza mara kwa mara hata yavunjike mkononi. Kisha yatie guniani, uyaweke mahali pakavu.

Ya pili ni kuyavundika, nayo yafaa siku za mawingu. Twaa mabaki kilo 100, uchanganye na pumba kavu au mabua makavu yaliyokatwakatwa kilo 30. Fumbata kidogo mkononi: maji yakichuruzika, ongeza pumba, kiganja kikiwa na unyevu tu, yatosha. Shindilia tabaka kwa tabaka katika pipa au shimo lililotandikwa nailoni, hata hewa isibaki, kisha funika na kuweka mawe juu. Ndani yake vijidudu wasiohitaji hewa hugeuza sukari kuwa asidi, kama maziwa yagandavyo kibuyuni, na asidi hiyo huzuia uozo. Baada ya majuma manne fungua. Harufu ya uchachu mzuri ni dalili njema. Harufu ya uozo ni onyo.

Sasa sikilizeni sana. Mabaki yenye ukungu msimpe mnyama kamwe. Ukungu waweza kuleta sumukuvu, nayo hupita hata katika maziwa anywayo mtoto. Mwaka 2016, katika Dodoma na Manyara, watu walikufa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Viazi vilivyogeuka kijani pia vina sumu. Vitunguu vingi huharibu damu ya ng'ombe. Basi vilivyooza vya Ilula visimwagwe zizini. Wala msichukue nyanya zilizonyunyiziwa dawa karibuni.

Tena, chakula hiki ni nyongeza, si badala ya majani. Anza na kiasi kidogo, ukiongeza siku hata siku, ili tumbo la mnyama lizoee.

Wazee wetu walisema akiba haiozi. Lakini mabaki ya nyanya huoza yasipotunzwa. Kwa hiyo kazi ni yetu, kuyafanya akiba kabla hayajawa uozo. Mwenye pipa moja na aanze na pipa moja, kisha mwezi wa Septemba apime maziwa yake.