Janti ya alumini haichomwi moto

Swali linalorudi tena na tena katika magaraji ya Bunia ni kama moto wa makaa unatosha kupika rangi ya poda kwenye janti, au ni lazima kutafuta shalumo ya mchomeleaji vyuma. Swali hilo limeharibika kabla halijajibiwa. Anayeuliza anadhani poda inahitaji moto tu, na kwamba ukizidi ndivyo rangi inavyoshika. Akionywa, hujibu kwamba janti iliyotoka motoni bila kuyeyuka wala kupinda haijadhurika. Imani hiyo ni ya uongo, na inaweza kuua watu kwenye mteremko wa barabara ya Mahagi miezi mingi baada ya fundi kulipwa.

Nguvu ya janti ya alumini haitokani na unene wake peke yake. Aloi inayotumika sana ina silikoni takribani asilimia 7 na magnesiamu isiyofika hata nusu asilimia. Kiwandani, janti ikishatoka kwenye kalibu hupashwa hadi karibu nyuzi 540 kwa saa kadhaa, hutumbukizwa majini ghafla, kisha hukalishwa tena kwenye joto la nyuzi 150 hadi 170 hivi. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayozaa chembe ndogo mno za magnesiamu na silikoni zinazoikaza metali. Ukiipasha tena hadi nyuzi 300, chembe hizo huungana na kuwa kubwa na chache, na metali hulegea. Umbo linabaki lilelile, rangi ileile, uzito uleule. Chuma cha kawaida kikipata moto huwa chekundu na kumwonya fundi. Aloi hii huanza kuyeyuka ikikaribia nyuzi 560, kabla jicho halijaona wekundu wowote. Na mwako wa shalumo ya oksijeni na asetilini hupita nyuzi 3,000. Kwa hiyo anayesema "nimeiangalia, iko sawa" hajapima kitu. Tena, kile kinachomfurahisha anayechoma janti ili kuondoa rangi ya zamani ndicho ushahidi dhidi yake: rangi inatoa malengelenge, inaungua, inakuwa jivu na kupanguswa. Rangi haiwi jivu kwa nyuzi 200. Mahali ilipogeuka jivu, alumini iliyo chini yake ina kila sababu ya kushukiwa.

Wapo wanaopinga kwa hoja nzuri, nao wanastahili jibu. Wanasema poda yenyewe hupikwa kwa nyuzi 180 hadi 200, sasa kosa liko wapi? Kosa liko kwenye kipimo. Poda inahitaji janti yenyewe ikae kwenye joto hilo dakika 10 hadi 20, kisha itolewe. Hata hapo metali inaguswa kidogo, ndiyo maana si kila mtengenezaji wa janti anakubali zipakwe upya, na ndiyo maana kupika janti moja mara tatu au nne ni ujinga. Ila kati ya dakika 20 za nyuzi 190 zilizopimwa na nusu saa ya moto usiopimwa kuna umbali mkubwa. Wengine wanasema fundi fulani amechoma janti miaka yote na hakuna iliyovunjika. Nani alifuatilia? Metali iliyolegea haivunjiki siku ya kwanza. Ufa huanza mdogo kama unywele karibu na tundu la bolti au kwenye shina la mkono wa janti, na kila shimo la barabara ya Komanda huusukuma mbele kidogo. Siku janti inapopasuka, watu hulaumu shimo, mzigo au dereva. Hakuna anayekumbuka moto.

Kuna jambo baya zaidi ambalo halina mjadala: kupasha janti moto tairi likiwa bado limevaliwa. Mpira unapopata joto ndani huharibika na kutoa gesi zinazowaka, na tairi linaweza kulipuka hata kama mwali haukuligusa, hata baada ya moto kuzimwa. Kutoa upepo peke yake hakutoshi. Tairi livuliwe kabisa kabla ya kuchomelea au kupasha chochote. Mafundi wamekufa kwa kosa hili katika nchi nyingi, na hakuna haja ya kuongeza mwingine hapa Ituri.

Tanuru la mkate nalo halifai. Upande mmoja unaweza kuwa na nyuzi 150, mwingine 280, masizi yanaganda kwenye poda iliyolainika, na vumbi la poda likitanda hewani karibu na mwali linaweza kulipuka. Na mkate utakaofuata utapikwa wapi? Oveni iliyopika poda isipike chakula tena. Soda kostiki ya watengeneza sabuni, ambayo wengine huloweka janti ili rangi itoke, inakula alumini yenyewe na kutoa haidrojeni. Dawa za kutoa rangi zenye kloridi ya metilini ni sumu kali: Marekani ilizipiga marufuku kwa matumizi ya nyumbani 2019 kwa sababu watu walikuwa wanakufa kwa mvuke wake. Kupuliza mchanga wa mto kwa kompresa kunaharibu mapafu moja kwa moja.

Basi ufanye nini? Kama janti zako ni za chuma, una bahati: nyuzi 200 hazizidhuru. Kama ni za alumini na fedha ni chache, achana na poda. Sugua kwa msasa wa maji, osha grisi yote, paka praima ya kushika alumini, kisha rangi ya kupuliza. Rangi yenye kikausho cha kuchanganya inadumu zaidi, lakini mvuke wake unaumiza mapafu, kwa hiyo pulizia nje ukiwa na barakoa yenye vichujio vya mvuke, kitambaa hakitoshi. Ukitaka poda kweli, kusanyeni seti kadhaa mzitume pamoja Kampala, ambako madirisha ya alumini hupakwa poda kila siku, na muulize mambo mawili: oveni inadhibitiwa na kipimajoto? Joto linapimwa kwenye janti yenyewe au hewani tu? Anayeguna, mwacheni. Atakayejenga oveni Bunia ajenge ya umeme yenye kidhibiti joto, na gharama ya jenereta aihesabu mapema. Janti yenye ufa au iliyochomelewa isipakwe kabisa, maana poda itaficha ugonjwa. Funika kwa utepe wa kuhimili joto viti vya nati na uso unaokaa kwenye habu; poda ikibaki hapo, hubanwa, hupungua unene, na nati hulegea. Kwa Toyota nyingi ndogo nati hukazwa kwa nyutoni-mita 103, kwa spana ya kupimia mkazo na si kwa kukanyaga bomba, kisha hukazwa tena baada ya kilomita 50 hadi 100.